Mwendo wa Mwenye Kikapu

Uingereza, wakati wa baridi

Mpenzi Mama Wangari,

Pokea salamu zangu upesi, maana huku hata salamu zinaganda. Mimi ni mzima. Wewe je, mgongo umepata nafuu? Na Wangari bado anakataa uji? Mwambie baba yake anakula viazi visivyo na chumvi wala halalamiki.

Sasa nikueleze kazi iliyonifanya nikukumbuke hadi machozi. Hapa chuoni kuna kompyuta inayojaza chumba kizima, na unailisha kadi zenye matundu. Ndani yake nimetengeneza mfano wa Tetu yetu: mashamba ya chai, mvua, barabara, lori la majani. Halafu unaiambia mashine ni vitu gani inaruhusiwa kubadilisha na vitu gani isiguse, nayo inajaribu na kujaribu mpaka ipate mpango bora. Mvua haiguswi, hiyo ni ya Mungu. Niliiruhusu ibadilishe saa za lori, na vituo vya kupimia majani, kipi kibaki na kipi kifungwe. Nikaiambia itafute jambo moja tu: majani yafike kiwandani kabla ya kuharibika.

Ikafunga kituo chetu. Ikawapeleka nyote ng'ambo ya mto.

Mwalimu wangu alifurahi, akasema ripoti itumwe huko kwa wanaopanga magari. Nami nikafurahi, mjinga mimi. Baadaye nikiwa nakunywa chai yao, nyepesi kama maji ya kusuuzia vikombe, nikajiuliza: ni nani huyu anayevuka mto haraka hivi ndani ya mashine? Kumbe ni mimi! Nilikuwa nimeweka mwendo wa mwanamume wa kwetu, mikono nyuma, hana hata kijiti. Wewe una kikapu mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, na matope ya masika.

Unakumbuka mwaka tulipooana, nilipotaka, mimi mwanamume, kukupokea kikapu pale darajani? Mama yangu akapiga kelele, "Wacha hiyo kikapu! Ati watu waseme niko na msichana ingine?" Nikakiacha, tukacheka. Wewe hukucheka sana.

Basi nimeirudia kazi. Nimeweka mwendo wako badala ya wangu, na kituo chetu nimekitoa kwenye vitu vinavyoruhusiwa kubadilishwa. Lori ndilo libadilike, lina injini. Safari hii mashine imelileta kwetu mapema, na majani yanafika salama. Mwalimu akauliza mwendo huo nimeutoa wapi. Nikamjibu, kwa mke wangu. Akatia sahihi ripoti mpya, na ile ya kwanza haitakwenda popote.

Nisalimie kaka yangu Gichuki anayetuangalizia ng'ombe, na Mama Halima, fundi wetu wa cherehani kule mjini. Koti lake ndilo linaloniweka hai.

Na mama yangu umsalimie kwa namna ya pekee. Mwambie mapema asije akashtuka: siku nitakayorudi, kikapu ni changu, mkanda kwenye paji langu, kutoka shambani mpaka kwenye mizani. Watu waseme ana msichana mwingine. Yeye amebeba miaka yote, na hakuna aliyewahi kumpokea.

Nakupenda, na nimekukumbuka sana.

Baba Wangari