Kitufe Namba Mbili

2 Mei

Kwa mke wangu wa kwanza, Bibi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ni ya mguu wako, maana nasikia siku hizi umekuwa mtu mzima anayejiamulia mambo yake. Nakuandikia kwa sababu wewe na simu hamuelewani. Mara ya mwisho nilipopiga uliongea peke yako mpaka salio likaisha, ukaniaga, ukakata. Barua anakuletea Kipara, dereva wa lori. Mpe chai, usimpe stori zangu za utotoni.

Mimi mzima, nimenenepa kidogo shingoni. Kazi kwa Tajiri inaendelea, ila ujue mjukuu wako sasa si dereva tu, ni daktari wa magari. Wiki iliyopita gari lilikuwa haliwaki bila kubembelezwa, Tajiri akanituma nilipeleke duka lilelile lililomuuzia. Bibi, sakafu ya pale unaweza kulala ukaota. Mimi kwenye sofa na kahawa ya bure, kijana mwenye shati jeupe anabadilisha betri. Betri mpya, ina mpini kama kikapu.

Kurudi nyumbani, gari limerukwa na akili. Kioo cha dirisha langu kinapanda, kikifika juu kinashuka chenyewe kama kimesahau kitu chini. Saa inasema usiku wa manane na jua linawaka. Redio imekuwa bubu. King'ora kinalia hata paka akipiga chafya. Milango inajifunga inapojisikia, na kitufe cha ndani ya gari cha kufungulia geti kimekufa.

Nimerudi dukani, wakachomeka kompyuta yao, wakasema gari halina ugonjwa. Nikawaambia hata maiti hana homa. Hawakucheka.

Usihofu. Nitalitibu mwenyewe kwa siku mbili. Mikono hii ndiyo iliyotengeneza redio yako.

Mjukuu na mume wako halali,
Njiti


6 Mei

Mume wangu Njiti,

Marahaba, na mguu nao umeitikia, kwa sauti ya kukwaruza. Redio uliyoitengeneza inashika stesheni moja tu, na hiyo ni ya watu wanaogombana. Naliombea dua gari la watu.

Kipara amekunywa chai na stori zako nimempa zote, ikiwemo ya kichwa chako kukwama kwenye sufuria. Kacheka mpaka kakaa chini.

Sasa neno la maana. Nyonga imechakaa. Dunia yangu siku hizi ni kitanda, mlango wa choo, na ukuta ninaoushika katikati. Daktari bingwa anakuja hospitali ya huku, atanipasua tarehe 30. Lakini amesema hamgusi mtu asiye na ndugu wa kukaa naye wodini, wa kumgeuza, kumnyanyua na kutia saini. Ndugu asipokuwepo, nafasi anapewa mwingine, na daktari akishaondoka hajui atarudi lini. Ndugu niliyebaki naye ni wewe, ndiyo bahati yangu mbaya. Uwe hapa tarehe 29. Njoo hata na huo mdomo wako.

Bibi yako


10 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Nyonga inasemaje? Iambie ivumilie, nitakugeuza kama godoro linaloanikwa. Hapa mimi mzima, ila kuna kajambo.

Nilimfuata Tajiri kuomba ruhusa. Alikuwa varandani na shati lilelile la jana. Tangu mkewe afariki mwaka jana, huyu mzee hatoki, hapokei wageni, anakaa tu. Nikamweleza habari zako zote, mpaka za choo, unisamehe.

Akauliza, "Gari limepona?"

"Bado kidogo, Tajiri."

"Uliondoka nalo zima?"

"Zima, isipokuwa betri."

"Ukarudi nalo hivi."

"Ni wale wa dukani, Tajiri, wale—"

"Nilimtuma nani? Wao au wewe?" Akanyoosha mkono. "Lete leseni."

Nikadhani anataka kuangalia picha, maana nimetoka vizuri. Akaitia mfukoni. "Hutoki hapa mpaka gari lirudi kama lilivyokuwa."

Rimoti ya geti iliyobaki nayo iko mfukoni humohumo, imelala na leseni yangu kama maharusi. Juu ya ukuta kuna vipande vya chupa. Tuseme niruke, nikatike kidogo, nifike. Halafu? Dereva bila leseni ni mtembea kwa miguu kama wengine, na kazi nyingine sina. Barua hii nampa Kipara kupitia nondo za geti, kama mfungwa.

Jana nikafungwa mara ya pili, ndani ya kifungo cha kwanza. Nimeingia garini kukagua nyaya, funguo nimeiacha juu ya paa, milango ikajifunga kaa! Swichi za ndani hazisikii. Vioo vimegoma juu. King'ora nacho, ambacho hulia chenyewe bila kuombwa, jana kimenyamaza. Jua la mchana, Bibi, nimechemka kama yai. Nikapiga vioo, nikaita, nikaahidi kuacha dhambi ambazo hata sijazianza.

Mwishowe Tajiri akaja, akafungua. Hakunikemea. Alipitisha mkono mbele ya tumbo langu, akabonyeza kitufe kimoja ubavuni mwa kiti, akasubiri kama mtu aliyebisha hodi. Hakuna kitu. Akafunga mlango taratibu, akarudi varandani. Nikajifungulia nikatoka.

Nitafika tarehe 29. Hili gari litanitambua.

Mjukuu wako,
Njiti (aliyechemshwa)


18 Mei

Bibi,

Shikamoo. Hujaandika. Ni nyonga au ni hasira? Mimi mzima wa mwili.

Andika ushindi. Nimekuta nati ya betri haikukazwa, ukiigusa inacheza kama jino la mtoto. Nimeikaza, milango na king'ora vikapata adabu. Kioo cha dirisha nimekipandisha nikashikilia swichi mpaka kidole kikafa ganzi, kikakumbuka mwisho wake uko wapi. Redio ilitaka namba ya siri, nimeikuta kwenye kadi ndani ya dashibodi, chini ya mifuko ya plastiki. Saa inasema ukweli. Sasa hivi gari hili ni zima kuliko mimi na wewe ukituunganisha.

Nikamwita Tajiri. Nikapiga honi, nikapandisha na kushusha vioo, nikafungulia muziki. Nilikaribia kucheza. Nikamwambia kilichobaki ni kitufe cha geti, aniazime rimoti nikifundishe. Akasema, "Cha geti kiache." Akazunguka upande wa abiria, akaingia, akanyoosha mkono mpaka kwenye kiti changu, akabonyeza tena kitufe kilekile cha ubavuni. Akasubiri.

"Bado," akasema.

"Bado nini, Tajiri?"

"Bado."

Bibi, nimelala chini ya gari siku nne. Nimefungua vifuniko ambavyo hata aliyevifunga hakumbuki. Kila jioni naita, anakuja, anabonyeza, "Bado." Mtu akikwambia umekosea sehemu fulani, utarekebisha. Huyu ananifungia na neno moja lisilo na mlango wala dirisha.

Mjukuu wako


22 Mei

Mume wangu,

Marahaba. Si hasira, nilianguka njiani kwenda chooni. Sikuvunjika. Nilikaa pale sakafuni mpaka jirani alipokuja kuomba moto, kwa hiyo usinisimulie habari za kufungiwa garini. Wewe ulikuwa na kiti.

Hospitali wamepita kuuliza jina la ndugu nikawapa lako, wakauliza yuko wapi nikasema njiani. Nimewadanganya watu wazima wenye makoti meupe. Wamesema tarehe 29 jioni kama kitanda hakina wa kukikalia pembeni, wanamwita mwanamke mwingine. Nimemwona. Naye anashika ukuta.

Kuhusu tajiri wako. Ukutani kwangu kuna msumari wa kofia ya babu yako. Kofia niliigawa zamani, msumari sijaung'oa. Kila anayekuja anataka kunisaidia kuung'oa, eti utanichoma. Sasa wewe na spana zako unamwuliza mzee wa watu kimeharibika nini. Mwulize anatafuta nini.

Na ufunge mdomo akijibu.

Bibi yako


26 Mei

Bibi mke wangu,

Shikamoo ya magoti yote mawili, utaelewa.

Nilimwuliza. Nikafunga mdomo, kazi iliyoniuma kuliko kuchemshwa. Akasema, "Mimi ni namba moja. Yeye alikuwa namba mbili."

Ubavuni mwa kiti cha dereva kuna vitufe viwili. Ukibonyeza cha kwanza, kiti na vioo vya pembeni vinakaa kwa kipimo cha Tajiri. Cha pili, kwa kipimo cha Mama, mkewe. Gari lilikuwa limewashika wote wawili kichwani. Kila asubuhi tangu Mama afe, mzee alikuwa anaingia upande wa abiria, anabonyeza namba mbili, na kiti kinasogea mbele taratibu, vioo vinainama, kama Mama ndiyo kwanza ameingia. Kijana wa shati jeupe alipotoa betri bila kuliachia gari umeme kidogo, likasahau yote. Dukani, nilipowapigia simu, wanasema halikumbushiki.

Nikamwambia, "Tajiri, gari limesahau. Mimi sijasahau."

Akaniangalia kama ninavyojiangaliaga kwenye kioo, kwa heshima.

Maana nani alikuwa analiingiza gari bandani Mama akirudi? Mimi. Na Mama alikuwa mfupi, anauvuta usukani kama anataka kuula. Nilikuwa kila nikiingia, goti la kulia linagonga palepale, chini ya usukani penye kona. Kila siku! Alama ninayo mpaka leo. Vioo vya pembeni alivilaza chini, aliogopa kukwangua vyungu vya maua. Nikikaa naona chungu cha tatu, kile chenye ufa.

Basi nimeegesha palepale Mama alipokuwa analiacha. Nimesogeza kiti mbele kidogo kidogo, Tajiri kakaa upande wa abiria, hapumui. Goti likagusa. Nikasema bado. Nikasogeza tena, likauma. Nikasema hapo! Kiti nikakipandisha mpaka kichwa kikafika darini, maana Mama alipenda kuona mbele. Vioo, mpaka ufa wa chungu ukatokea. Nikalifundisha gari upya. Tajiri akabonyeza namba moja, kiti kikarudi nyuma. Akabonyeza namba mbili.

Bibi, kikaja na sauti yake ileile. Vioo vikainama. Mimi katikati, magoti karibu yaingie mdomoni. Tajiri alikuwa haniangalii mimi. Akasema, polepole kabisa, "Funga mkanda."

Nikafunga.

Tulikaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi. Halafu, na hapa ndipo nakwambia mjukuu wako ana akili nyingi ila zote za kumwumiza mwenyewe, nikaomba leseni.

"Na betri ikifa tena?" akasema. "Nani anajua pa kusimamisha kiti? Gari linasahau. Wewe ndiye umebaki. Huondoki."

Si kwa ukali, Bibi. Angekuwa mkali ningejua pa kumshika. Alisema kwa kunibembeleza, ameshika mkono wangu, na geti limefungwa. Mdomo umezoea kuniponza. Safari hii yameniponza magoti.

Kipara anapiga honi nje. Nina wazo moja, lakini ni la kumwomba mzee kitu kilichomo kwenye droo ya mkewe, na droo hiyo hajaifungua tangu msiba. Waambie hospitali niko njiani. Sasa tumedanganya wawili.

Mjukuu wako


31 Mei, wodini

Mume wangu Njiti,

Hujambo? Naona hujambo. Umelala kwenye kiti hapa ubavuni mwangu, mdomo wazi kama mfuko wa posta, miguu imevuka mpaka chini ya kitanda cha jirani. Mimi sijambo pia. Nimepasuliwa, nimeshonwa, na leo ndiyo nimeuona uso wako vizuri. Shingo haijanenepa. Uliongopa.

Naandika chali, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Ulipoingia juzi jioni, wakati nesi ameshamsogeza yule mama mwingine karibu na kitanda changu, kitu cha kwanza nilichokiona ni kidole gumba chako kimepakwa rangi ya kucha, nyekundu. Nikasema moyoni, kumbe ndiyo maana alichelewa, amepata mwanamke. Ndipo ukanieleza kuhusu droo. Kwamba mzee alisimama mbele yake mpaka ukadhani amelala wima, akaifungua, akakupa kichupa cha Mama mwenyewe. Kwamba mmechora mstari kwenye reli ya kiti na nukta pembeni mwa vioo, yeye ameshika tochi, wewe umelala kifudifudi. Sasa betri ife mara saba, dereva yeyote atasogeza mpaka kwenye nyekundu. Hata mwenye magoti mafupi. Akakupa leseni bila kuombwa, na geti akalifungua.

Lakini mengine hukunieleza, nimeyaona mwenyewe. Tajiri wako yupo nje kwenye benchi. Amemwambia nesi kwamba amekuja nyuma yako anaendesha mwenyewe, mara ya kwanza tangu msiba, njia nzima kwa kiti cha namba mbili, na yeye mrefu kama wewe. Amekataa kukisogeza. Alipoingia kunijulia hali alikuwa anachechemea, kashika ukuta. Daktari akauliza mgonjwa wa nyonga ni yupi kati yetu.

Yule mama mwingine nimemwuliza, amepewa kesho. Dada yake anasubiri naye.

Sasa aliyefungwa ni mimi. Mguu umening'inizwa na mfuko wa mchanga, upande wa kushoto umekufa ganzi, na chuma cha kitanda kinanichoma palepale, siwezi kuhama hata kwa kipimo cha punje. Ningeweza kukuita. Nimefungua mdomo mara kadhaa. Lakini umelala vizuri mno, na sijakuona umenyamaza kiasi hiki tangu uzaliwe.

Barua nakuwekea mfukoni, ikae na leseni yako. Ukiamka, nigeuze.

Bibi yako