Salamu Zilizokula Nafasi

Kabula mjukuu wangu, mwangaluka. Huku Bariadi hatujambo. Goti la bibi yako limepoa na leo kaenda mwenyewe kupalilia pamba.

Unauliza kama uzigeuze nyimbo zangu zote ziwe mafaili madogo ya aina moja, na ukate maneno ya mwanzo ili zitoshe kwenye simu. Hata mimi niliwahi kufanya hivyo. Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na redio zikajaa madukani, nilinunua ya deki mbili nikahamishia ngoma za manju wa kijijini kwetu kwenye kaseti moja. Kabla ya kuimba, manju alikuwa akisalimia watu kwa majina. Salamu zilikula nafasi, nikaziruka. Juu ya kaseti za zamani nikarekodi mahubiri.

Manju alipofariki, mama yangu alikuja kusikiliza. Kila wimbo ulipoanza, aliinua kichwa. Kaseti ilipoisha akasema, "Ameimba vizuri. Ila leo hajanisalimia."



Punguza mafaili, mjukuu wangu, sina neno. Lakini ukisikia mtu anaita jina la mwenzake, mwache amalize.

Ni mimi babu yako,
Masunga