Vioo Viwili vya Shangazi

Jumatatu, 4 Novemba

Imefika! Darubini ya Shangazi iko mezani kwangu. Nimeitoa kwenye sanduku lake la mbao kama mtu anayepokea kichanga, mkono mmoja chini ya kichwa. Shaba tupu, mdomoni hadi mkiani. Aliyeitengeneza alikufa kabla babu yangu hajazaliwa, na bado mirija yake inaingiana bila kukwaruza. Watu walijua kazi, jamani!

Nina hadubini za kila umri kabatini. Nina mizani za dawa, nina dira, nina kipimahewa kibishi kinachotabiri mvua hata kukiwa na jua la kupasua kichwa. Kaka anasema nyumba yangu ni ghala la vyuma chakavu na ndiyo maana waume wanapita mbali. Wapite tu, njia ni yao. Lakini hii — hii naitamani tangu nikiwa na mapengo ya meno.

Shangazi aliiokoa shuleni, alipokuwa mwalimu wa jiografia. Walikuwa wameitia kwenye rundo la kutupwa. Akaibeba mapajani ndani ya basi hadi nyumbani, akaifuta vumbi, kesho yake akairudisha shuleni kama mali yake. Tangu hapo kila darasa lake lilipanda juu ya paa kutazama Zohali. Na mimi nilipanda. Nilipiga ukelele: ina pete kweli! Akaniuliza kama nilidhani kitabu kinanidanganya.

Sasa presha ya macho imemla. Jicho la kushoto lilishazima. La kulia linapasuliwa Jumatatu ijayo. Daktari hakuzunguka mbuyu: upasuaji ni wa kulinda kilichobaki, na mara nyingine hata hicho huondoka. Shangazi amesikiliza, ameshukuru, kisha kanipigia simu. Lenzi imeota ukungu, nimsafishie. Anataka kuiona Zohali kabla hajamkabidhi yule daktari kijana jicho lake.

Nimemwambia Alhamisi itakuwa tayari. Kwangu hiyo ni kazi ya kusukuma mlevi!

Jumatano, 6 Novemba

Sina hamu.

Nijieleze polepole, labda nitajielewa. Lenzi ya mbele si kioo kimoja. Ni viwili vilivyolaliana. Fundi wa zamani alivizungusha kimoja juu ya mwenzake hadi kasoro ya hiki ikafutwa na kasoro ya kile, ndipo akavibana kwa kibanio cha shaba. Ukivitenganisha, uvirudishe vilevile alivyoviacha. Vinginevyo nyota inaota mkia. Ndiyo maana sisi wakusanyaji, kabla ya kuvigusa, huchora mstari ubavuni unaovuka vioo vyote viwili. Ukivirudisha, unaunganisha mstari. Basi.

Nilichora. Mstari mzuri, umenyooka. Kwa kalamu ya wino. Kisha nikavitumbukiza kwenye spiriti.

Spiriti! Mimi, mtu wa maabara ya hospitali, ninayefuta alama za wino kwenye vioo vya damu kila siku ya Mungu kwa spiriti hiyohiyo! Mikono ilikwenda yenyewe. Nilikuwa naimba, tena. Ukungu ulitoka wote, vioo viking'aa kama machozi, nikasema hewala, mama, wewe ni fundi. Ndipo nikautafuta mstari.

Nimevigeuza. Nimevimulika. Nimewasha taa zote. Hamna.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimempigia fundi saa, mwenzangu wa ugonjwa huu wa vitu vya kale. Amecheka hadi akakohoa. Kisha akaniuliza kwa upole, wino? Nikasema wino. Akasema na yeye yalimkuta, ndiyo maana sasa hutumia penseli.

Dawa ipo, lakini ni ya subira. Tafuta nguzo ya umeme ya mbali, ile yenye vikombe vyeupe vya kauri. Jua likipiga kwenye kikombe, kinang'aa kinukta kimoja kama nyota. Elekeza darubini pale. Zungusha kioo cha mbele kidogo, tazama. Zungusha tena, tazama. Siku kinukta kikiwa duara safi, umefika alipofika fundi.

Nimepata nguzo. Nimekosa jua.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua. Kipimahewa kimesema kweli, na hakina hata haya.

Jumamosi, 9 Novemba

Jua la kuiba. Linatoka, linajificha. Kinukta changu kilianza na mkia wa jogoo, hadi mchana kikabaki na mkia wa panya. Ni maendeleo. Lakini duara sikulipata, na wingu likafunga duka.

Nikabeba darubini na uso wangu mzito hadi kwa Shangazi. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nilipofika yote yakanikimbia, nikasema tu: nimeharibu. Wino, spiriti, vyote nikamwaga. Nilitaka ardhi inimeze, darubini iiache.

Halafu kicheko! Alishika meza. "Karibu kwenye ualimu," kaniambia. "Mimi niliwahi kufundisha kipindi kizima ramani ikiwa imening'inia kichwa chini." Amenipa jina jipya, Daktari wa Vioo. Kisha akavaa ile sauti ya darasani: kesho jioni tutazungusha juu ya Zohali yenyewe, mimi na yeye, hadi ikae. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini kioo kinazungushika.

Mwanamke huyu! Keshokutwa anaingia chumba cha upasuaji, na ni yeye anayenituliza mimi. Nikikua nataka kuwa kama yeye, na nilishakua zamani.

Jumapili, 10 Novemba

Naandikia jikoni kwa Shangazi, haraka, maji yakichemka. Yeye yuko roshani.

Mbingu imetakata. Zohali imetokea mapema, juu ya matangi ya maji ya jirani. Tumepanga hivi: yeye anachungulia, mimi nakaa mbele. Nalegeza kibanio, nasukuma kioo cha nje kidogo kwa kidole, nakaza, nairudisha Zohali katikati maana haikai, inakimbia. Kisha nauliza. Jicho ni lake, hukumu ni yake.

Sasa? Uji. Sasa? Uji wenye mkia. Tulicheka. Alinisimulia wanafunzi wake, yule aliyeuliza kama pete ile ni ya ndoa. Sasa? Uji. Sasa? Uji, mwanangu, lakini usikate tamaa.

Alipoinuka kunyoosha mgongo, nikachungulia mimi, nijue tumefika wapi.

Mungu wangu! Imekaa! Kimpira cha rangi ya asali, pete zimekizunguka, na kati ya pete na pete ule uzi mweusi, uleule aliotufundisha kuutafuta. Haina mkia. Haina ukungu. Sijawahi kuona kitu safi hivi katika maisha yangu yote ya kuchungulia. Aliyesaga vioo hivi na alale pema. Nikamwita, Shangazi, njoo, njoo uone!

Akaja, akainama. Alishika kile kitufe cha kusogeza mrija ili picha itulie, akakizungusha mbele, akakirudisha nyuma, polepole, kama alivyotuonyesha. Nilisubiri ukelele wake. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

"Bado," akasema. "Zungusha."

Nikaomba kutazama tena, labda imeguswa. Haijaguswa. Iko palepale, katikati, na pete zake, na uzi wake mweusi. Vioo havina kosa tena.

Hana wasiwasi hata kidogo. Anajua kosa ni la nani: vioo vyangu, wino wangu, spiriti yangu. Jana kosa hili nililiona mzigo. Leo nalikumbatia, na sitaki mtu anipokonye.

Nikarudi mbele. Nikalegeza kibanio, kwa kelele, asikie. Nikakikaza. Kioo sikukigusa.

"Sasa?"

Alikaa muda, jicho limegandama kwenye shaba.

"Bado. Lakini tunakaribia, eti? Nahisi tunakaribia."

Nikasema ndiyo, Shangazi, tunakaribia sana. Nikasema nakwenda kutia chai. Chai yenyewe sijaitia hadi sasa.

Ananiita. Daktari wa Vioo, fanya haraka, itatuzamia! Mara moja tu tena, anasema, zungusha mara moja tu.