Chumba Nilichosema Kimejaa

Waberi,
Garissa.
Jumanne, 14 Januari 2025

Mpendwa mdogo wangu Gollo,

Assalaam aleikum. Kabla ya lolote, niambie magoti yako yanaendeleaje na baridi ya Kitale, na kama ulirudi kuchukua ile dawa ya macho au bado unaahirisha. Shemeji Shamso je, kifua kimetulia? Na Yurub, ambaye najua ndiye anayekusomea barua hii kwa sababu miwani yako huwa unaipoteza makusudi? Yurub binti yangu, nimeandika kwa Kiswahili kwa ajili yako, maana lugha yetu ya Buna umebaki nayo ya salamu tu. Soma polepole. Kuna mahali nitamsema baba yako kidogo. Hapo usicheke.

Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Shemeji yako Shukri bado mguu wa kushoto unamvimba akisimama sana, ila maneno yake hayajapungua hata moja. Joto limeanza mapema mwaka huu. Mimi nina miaka sabini na mitatu, na gazeti nalisoma bila miwani hadi saa tano asubuhi. Baada ya hapo herufi zinaanza kutembea.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu jambo lenyewe nililiharibu kwenye simu. Jumatano iliyopita uliniuliza kama nina mahali pa kuweka magunia mia moja na ishirini ya mahindi, unayotaka kuyaleta Garissa kwa lori mwishoni mwa mwezi huu. Nilikuambia chumba cha uani kimejaa. Gollo, chumba hakikuwa kimejaa. Kilikuwa kitupu nilipokuwa nikisema, na ni kitupu ninapoandika. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwake, simu sikioni, na sauti yangu mwenyewe ikinirudia kutoka ukutani.

Sabrin alikuwa anaanika nguo karibu. Ulipokata simu akaniuliza, "Aba, kimejaa nini? Mwangwi?" Binti huyu ana miaka arobaini na bado ananihoji kama karani wa mahakama. Jibu ninalo, lakini si la kumpa mtoto. Nilikuonea wivu.

Nikueleze, ili usidhani ni uzee.

Shamba langu unajua liko kandokando ya Tana, kilomita kumi na saba kutoka kwenye lami. Ni eka tatu za mahindi, na maji tunayavuta kwa pampu moja mimi, jirani yangu Idman na wakulima wengine kumi na wanne. Nitaanza kuvuna wiki ya mwisho ya mwezi huu, na nikikadiria bila kujidanganya nitapata magunia thelathini na moja. Watu hudhani mkulima wa Garissa ana bahati: unga huku ni ghali, kwa hiyo mahindi yake lazima yanauzwa ghali. Hata mimi nilidhani hivyo msimu wa kwanza.

Alhamisi iliyopita dalali Abdiqani alikuja shambani na lori lake dogo la Kanta. Akachuma hindi, akang'ata punje, akatema, akasema nikivuna atanipa elfu mbili na mia sita kwa gunia, pale pale shambani. Nikamwambia gunia mjini ni elfu tatu na mia saba, nimeona kwa macho yangu.

"Adeer, mzee wangu, hiyo ni bei ya gunia lililofika," akasema. "Lako halijafika."

Idman, ambaye alikuwa akizibua mfereji, akamdaka hapo hapo. "Abdiqani, mzani ni wako, gari ni lako, bei ni yako. Sisi umetubakishia nini? Kukupepea?"

"Eeddo, shangazi yangu, mimi sina ugomvi na mahindi yenu. Nina ugomvi na mchanga. Zoeni huo mchanga mpaka barabarani, wallahi naongeza mia tatu leo leo!"

Tulicheka wote, hata mimi. Halafu akaondoka, nami nikabaki na hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kilomita kumi na saba za mchanga, kwa mkokoteni wa punda na kisha trekta, zinanila shilingi mia tatu kwa kila gunia. Kutoka Nairobi hadi hapa ni kilomita mia tatu na sabini, na gunia la bara linalipa mia mbili. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani mwenye lori amekosea. Nikaenda mwenyewe soko la mifugo kuuliza. Dereva mmoja, Dubow, akanifafanulia kwa uvumilivu mkubwa. Lori linatoka huku kwenda Nairobi limejaa mbuzi, na mwenye mbuzi hulipia safari nzima, ya kwenda na ya kurudi. Linaporudi ni tupu, kwa hiyo chochote kitakachopakiwa ni nyongeza, na dereva anakubali bei yoyote kuliko kubeba upepo.

Umenielewa, Gollo? Mbuzi wa watu wa huku ndio wanaolipa nauli ya mahindi yako. Wao wanakwenda kuchinjwa, na mahindi yako yanarudi yamekaa kwenye nafasi yao kama wageni wa heshima. Siku hiyo chai ilinishinda kunywa.

Hilo la nauli ningelimeza. Linalonikosesha raha ni ghala lako. Ulinitumia picha, na nimeitazama mara nyingi kuliko picha za wajukuu: sakafu ya saruji, mbao za kuinulia magunia, kile kidude cha kupimia unyevu, karatasi yenye muhuri inayosema mahindi ni yako hata kama hulali nayo. Unalipa kidogo kila mwezi. Bei ikiwa mbaya Desemba, unakunja miguu na kusubiri. Mimi nikivuna, kila mwenye duka hapa mjini ameshajaza stoo yake mahindi ya bara, yako na ya wenzako, tangu mwaka haujaisha. Hana haja nami. Na mimi sikuweza kusubiri hadi awe na haja nami, kwa sababu hadi mwaka jana sikuwa na pa kusubiria.

Mwaka juzi nilijaribu. Nitakusimulia kosa langu, na ni kosa ambalo mkulima wa Kitale hawezi kulifanya hata akilewa. Niliyafuga mahindi. Nilijenga kibanda cha miti na mikeka, mfano wa nyumba ya mama kule Buna, nikayapanga magunia humo, nikakataa kuyauza. Wazee wenzetu waliohamia huku walikuja kuyatazama. Wakazunguka kibanda, wakahesabu kwa fimbo, wakanipongeza kama mtu aliyejaliwa kundi. Bare, yule tuliyechunga naye, akasema, "Boru, mali nzima namna hii haiuzwi." Nikaona amesema neno. Ngamia ukimsubiri anazaa. Nilipofungua magunia mwezi wa nne, waliokuwa wamezaa ni fukusi. Magunia tisa yalikuwa vumbi la kijivu, na manne yalikuwa na ukungu ambao Shukri alikataa hata kuku wasiuguse. Idman alikuwa ameuza yake mwezi wa pili kwa bei ya huzuni, akalipa karo ya mwanawe. Mimi nilibaki na pongezi za wazee.

Sasa naufikia wivu wenyewe, ambao haukuanza na mahindi.

Unakumbuka handhura, yule ndama anayepewa mtoto kitovu chake kinapokauka. Wangu aliliwa na fisi kabla sijajua kutembea. Wako alizaa, na wanawe wakazaa, mpaka wageni wakidhani wewe ndiye mkubwa. Mwaka wa themanini na tatu uliwauza wote wakiwa wanene, majike kwa madume, ukapanda gari kwenda magharibi. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya baba nikasema umetuaibisha, kwamba hakuna mtu mwenye akili anayeuza jike zima. Mwaka uliofuata ukame ulimaliza wa kwetu. Baba hakunikumbusha maneno yangu hata siku moja. Afadhali angenikumbusha. Na tulipokimbia mapigano miaka ile ya tisini, kila mtu akibeba anachoweza, mimi nilibeba vitabu vitano na kujua kwamba mdogo wangu alitambua wakati wa kuuza, nami sikuutambua.

Miaka thelathini na miwili sijakanyaga Buna. Bado najua kisima kipi kina maji matamu na kipi kina chumvi. Nasikia kuna watu wamejenga pale boma letu lilipokuwa. Ajabu ni kwamba siwaonei wivu hao. Wivu wangu wote nimeuweka kwako, kama mtu anayeweka akiba mahali pamoja.

Kuhusu chumba. Nilikijenga mwaka jana mimi na Sabrin, tofali kwa tofali. Sakafu ni saruji, nimeiinua juu ya ua kwa kimo cha matofali mawili. Dirisha lina wavu, na nimenunua yale magunia yasiyopitisha hewa, ambayo fukusi wakiingia wanakufa kwa kukosa pumzi. Mahindi nitayaanika kwenye turubai hadi punje ilie ikigongwa na jino. Trekta itanila mia tatu zangu, sawa, lakini safari hii gunia langu litakuwa limefika. Ndiyo maana uliposema "chumba," nilihisi mtu ananyoosha mkono kwenye sahani yangu. Ghala unalo, barabara unayo, mbuzi wanakulipia nauli, na bado unataka na chumba changu! Baadaye nilichukua kamba nikakipima, nikitumaini kitanitosha mimi peke yangu ili uwongo wangu uwe nusu ya kweli. Kamba ilikataa.

Kwa hiyo nakujibu upya, na safari hii ni kweli. Chumba kipo. Lakini usilete lori mwisho wa mwezi huu. Magunia mia moja na ishirini yakishuka wiki tunayovuna, Abdiqani atatelemka hadi elfu mbili na mia mbili. Mimi nina chumba, nitajikaza. Idman hana. Wale kumi na wanne hawana. Watauza siku hiyo hiyo kwa sababu mahindi yakikaa nje yatanyeshewa au yataibiwa, na mwezi wa tano watanunua unga kwa bei maradufu ya waliyouzia. Idman amebakisha muhula mmoja mwanawe amalize chuo cha ualimu. Muhula huo umo ndani ya mahindi yale, na tofauti ya mia nne kwa gunia ndiyo itakayosema kama atarudi darasani.

Wewe unaweza kusubiri. Hicho ndicho ninachokuonea wivu, na hicho hicho ndicho ninachokuomba.

Subiri hadi wiki ya mwisho ya Ramadhani, mwisho wa Machi. Huku wenye maduka watakuwa wamemaliza ya Desemba, na sisi tutakuwa tumeuza yetu ya kwanza. Mahindi yako yaingie chumbani kabla ya mvua. Mwaka jana maji yalipokata barabara upande wa Madogo, uliona mwenyewe kwenye simu, unga hapa ulipanda kila siku. Mwenye gunia kavu upande huu wa mto wakati huo hahitaji kumbembeleza dalali. Ghala lako utalilipia miezi miwili zaidi, hilo najua. Chumba changu hutakilipia. Sikuambii haya kwa ukarimu mtupu; nataka uone kwamba hata mimi nimejifunza kuutambua wakati wa kuuza, ingawa nimechelewa miaka arobaini na miwili.

Jambo la mwisho. Nimemwuliza Dubow kuhusu kiti cha mbele, kando ya dereva. Anasema mwenye mzigo hakilipii. Miaka kumi na tisa hatujaonana, Gollo. Mahindi yako yamenitembelea kila mwaka, nimeyaona sokoni, nimeyala bila kujua. Mwenyewe hujaja. Usiyatume tena peke yake.

Msalimie Shamso, umwambie Shukri amemwekea ubani aliouahidi. Wasalimie Abdilatif na mkewe, na wale mapacha ambao jina la mmoja nalisahau na la mwingine nalichanganya. Bare ananiambia nikusalimu, na kwamba yale maneno ya mwaka juzi hakuyasema yeye. Sabrin anakusalimu zaidi ya wote, maana tangu asubuhi aliponiona na kalamu ameacha kuniuliza kuhusu mwangwi.

Mungu ayape macho yako nuru na magoti yako nguvu ya kupanda lori, ailinde barabara kati yetu, na atukutanishe tungali tunajuana kwa sura.

Ni mimi kaka yako, akupendaye tangu ulipozaliwa na akuoneaye wivu tangu siku hiyo hiyo,

Boru

Nimesahau: nimekipima chumba tena sasa hivi, Sabrin akishika ncha ya pili ya kamba. Kinaingia magunia mia moja na hamsini, si zaidi. Yako mia moja na ishirini na yangu thelathini na moja yanazidi kwa gunia moja. Hilo tutalila, kwa hiyo usije na haraka ya kurudi.