Santuri ya Marehemu Babu Yako

Mjukuu na mume wangu Deo,

Marahaba. Hapa Kizwite hatujambo. Baridi imetuhamishia jikoni, na shangazi yako amejifungua mtoto mwenye sauti ya dalali.

Unasema mchumba wako analalamika kwamba kila sherehe wewe uko kwenye mitambo, yeye anacheza na wengine. Unauliza mimi niliwezaje na babu yako.

Katika kijiji kizima cha Kate alikuwa na santuri yeye peke yake, ya kuzungusha kwa mkono. Akiiacha, wimbo unalegea. Basi nilicheza na kila mtu, ila karibu na meza yake. Huyo wako, mwangalie anachezea wapi.

Jioni moja babu yako akaizungusha mpaka mpini ukagoma kwenda zaidi, akaja mbio uwanjani.

"Haraka, kabla haijachoka," akaniambia.

Wimbo ukaanza kuburuta. Watu wakapiga kelele, "We fundi, rudi kazini."

Hakurudi. Tukacheza polepole, kadiri wimbo ulivyozidi kulegea, mpaka kukawa kimya.

Wimbo ulionitumia nimeusikiliza kwenye simu ya shangazi. Ni mzuri, ila hauchoki. Nakaa tu, naungoja uchoke.

Ni mimi bibi yako