Saa Iliyosema Uko Wapi

Papa Feza wangu,

Unajua mimi si muntu wa kuandika. Wewe njo ulikuwa wa kalamu na sindano na wino, mimi ni wa mulomo. Lakini leo kuna neno nimefanya, na siwezi kumwambia muntu mwingine kabla yako.

Nikuchokoze kwanza kidogo. Unakumbuka ile saa uliyomutengenezea mama yako kule Zongwe? Hakujua kusoma namba, ukasema haizuru, ukazifuta zote ukachora vitu: jogoo, jembe, chungu, taa za wavuvi. Ulijivuna kweli! Mama akaivaa, akaigeuza huku na huku, akasema, "Mwanangu, jogoo niko naye, na chungu iko hapa. Sasa hii ya mukononi ni ya nini?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na ile ya muhubiri wetu, yenye alama mbili tu, moja ya kuanza na moja ya amina! Alikununia mwezi muzima.

Hakuna aliyekufundisha kazi ya saa. Ulikuwa kondakta wa treni, unafungua saa za watu kwa kisu changu cha kumenyea viazi. Nikakuuliza, "Namba zimekukosea nini?" Ukanijibu, "Namba zinasema saa ngapi. Muntu hataki kujua saa ngapi. Anataka kujua kama chakula kimeiva, ao bwana yake amefika wapi." Nikasema basi nitengenezee hiyo ya bwana. Nilikuwa natania tu.

Ukaitengeneza. Kalemie chini kabisa, kama ziwa lilivyo chini, na Kabalo juu. Kushoto ukaandika Niemba na Nyunzu za kwenda, kulia Nyunzu na Niemba za kurudi. Mushale ulikuwa mumoja. Ule murefu uliutupa, eti dakika ni za makarani wa biro. Treni ilitoka hapa alfajiri, adhuhuri iko Kabalo. Ukishafika huko naivua, unalala. Kesho yake adhuhuri naivaa tena, nakuleta nyumbani. Ukipita Nyunzu nasafisha samaki wa mikeke. Ukipita Niemba naweka maji motoni, nisonge bukari. Jua likizama unaingia, unakuta chakula cha moto, unajifanya kushangaa kila mara. Majirani walinicheka: "Mama Feza, wenzako wanauliza saa ngapi, weye unauliza bwana iko wapi!" Nikawajibu, "Na ninyi, wenu wako wapi?"

Kisha treni ikazeeka. Mafuta hakuna, mashini za kuvuta zinakufa porini, na mushahara tusiutaje. Saa inasema uko mulangoni, kumbe ungali kichakani na abiria wako, na bukari imekuwa jiwe. Ukazifuta stesheni, ukazisogeza mbele. Baada ya miezi ukazisogeza tena. Nikakasirika: "Papa Feza, acha kuhamisha miji! Niemba sasa imefika ziwani!" Ukacheka, ukasema lile neno lako, "Kawia ufike, mama. Kawia ufike." Zaire nzima ilikuwa inakawia, na wewe ulitaka kuifuata kwa wino. Mwishowe ukachoka, ukaiandika upya kama ilivyokuwa zamani. "Ikae vile," ulisema. "Siku moja treni itaikuta."

Haikuikuta. Treni yako ilikwama Nyunzu siku nyingi, na mimi kila jioni naweka maji tu. Jioni moja mushale ulikuwa unateremka Niemba, mukubwa wa stesheni akaja mwenyewe, kofia mukononi, koti lake la abakosi amelifunga vibaya. Nikajua kabla hajafungua kinywa. Habari ilikuwa imepita kwa foni ya stesheni: homa ilikushika ndani ya behewa, na walikuwa wamekwisha kukuzika kulekule. Nikamuuliza, "Kwa nini hamukumuleta?" Akasema, "Mama, tungemuleta na nini? Mashini hakuna."

Wewe uliyewafikisha watu wote wa muji huu makwao, hakukuwa na treni ya kukuleta wewe. Hapo njo panaponiuma, Papa Feza. Kufa ni mambo ya Mungu, siwezi kugombana naye. Lakini kuachwa njiani!

Tangu siku ile niko naitia saa ufunguo kila asubuhi. Kila muchana mushale unapita Nyunzu, hausimami, unateremka Niemba, jua likizama uko Kalemie. Na mimi, mujinga wako, natoka mulangoni. Binti yetu Feza aliniona. Siku hizi ni mama wa watu, ana mutoto mugongoni. Jana akaniambia, "Mama, mwache Papa apumzike. Usiitie tena ufunguo." Nikamutukana kidogo. Kisha nikalia, nikamwambia sawa.

Basi leo sikuitia. Niliiweka mezani, nikawa nachambua maharagi, najifanya siitazami. Alasiri saa ikanyamaza. Nikaisogelea. Ilikuwa imekwisha kutoka Nyunzu, haijafika Niemba. Imesimama porini, mahali ambapo hata nyumba haiko. Aa, hapana! Nikuache njiani mara ya pili, na safari hii kwa mukono wangu? Nikakivuta kile kichwa kidogo cha pembeni, nikakizungusha polepole. Nikakupitisha Niemba. Nikakuteremsha mpaka chini kabisa, Kalemie. Nikamwita Feza, nikamwambia, "Weka maji."

Amekuja akaitazama saa, akanitazama mimi. Akaweka maji. Tumekula bukari ya moto na mikeke. Sahani yako niliipakulia, na mujukuu wako akaimaliza, ana tumbo kama lako.

Saa iko kabatini, chini ya shati lako. Sitaitia ufunguo tena, na hakuna atakayeusogeza ule mushale ningali hai. Umekawia, bwana yangu. Umekawia sana. Lakini umefika.

Vua viatu, upumzike.

Bibi yako,
Mama Feza