Nilimshukia Mama Mkwe

Jumapili jioni, Agosti 1969

Wa tatu katika mbio za baiskeli za leo, tena kwa baiskeli yangu ya kupelekea maziwa.

Ningekuwa wa pili. Lakini hapo Nyansiongo nilimwona mama mkwe kando ya barabara, nami nimevaa kaptura, mapaja nje. Kwetu mkwe haonekani hivyo mbele ya mama wa mkewe. Nilishuka, nikajificha kwenye mahindi mpaka alipoondoka. Mwalimu mmoja wa Magwagwa akanipita akicheka.

Njia nzima nilijiuliza kama ningejifanya sikumwona. Hapana, nisingeweza.

Sasa hivi mke wangu amerudi kutoka kwao. Anasema mama yake amewasimulia majirani wote jinsi mkwe wake alivyoshuka. Halafu amenipa ujumbe wa mama huyo: “Mwambie mbio zijazo nitajifungia ndani, apite.”